Machipukizi ya Kando ya Kaburi la Babu

Asimwe, binti yangu,

Umekwenda Kayanga kumuaga shangazi yako, nami nimemwomba kwa simu akucheleweshe. Ndiyo, nimekula njama na mwanamke ambaye hatujawahi kukubaliana hata namna ya kumenya ndizi. Nilihitaji muda wa kukuandikia kabla hujarudi, kwa sababu jambo hili tukilizungumza kwa mdomo litageuka ugomvi, na tukigombana mimi na wewe hushinda mwenye sauti kubwa, si mwenye ukweli. Mama yako amelisema hilo tangu ulipoanza kuongea: "Nyumba hii ina majogoo wawili, na mmoja wao hutaga."

Jambo lenyewe ni hili. Usiyabebe yale machipukizi.

Nimelitanguliza makusudi, ili mengine yote uyasome ukiwa umeshakasirika na usije ukaniambia nilikuzungusha. Nazungumzia machipukizi ya enshakara, ndizi yetu ya kupika, uliyoyachimbua juzi kando ya kaburi la babu yako, ukayapunguza mizizi, ukayafunga vizuri na kuyapanga barazani yangoje gari la kesho asubuhi. Yasiende Kyerwa, kwenye shamba lako jipya.

Asubuhi ya leo, wewe ukifua, nilipita kwenye shina lile lile ulikochimbua machipukizi yako. Mgomba mama ulikuwa na jani moja limenywea, limekuwa njano na kuvunjika katikati, kama jani lililomwagiwa maji ya moto. Nikajiambia ni upepo. Wiki yote hii hakukuwa na upepo, lakini ndivyo nilivyojiambia. Kisha nikaukata mgomba ule kidogo kwa kisu na kungoja. Utomvu ulitoka polepole, mzito, wa njano. Unajua maana yake. Kila mtu kata ya Igurwa anajua maana yake.

Mnyauko umeingia kwetu.

Nilifuta kisu kwenye suruali kama mwizi. Halafu nikaona nilichofanya, nikaivua suruali na kuiloweka kwenye maji ya jiki. Ndiyo maana ulinikuta nimejifunga shuka la mama yako ukaniuliza, "Tata, leo umeokoka dini gani?" Nilikujibu kwa mzaha. Sikuwa na mzaha wowote moyoni.

Sasa nikueleze kwa nini jambo hili linanichoma kuliko linavyomchoma mkulima mwingine. Ulikuwepo, lakini ulikuwa upande wangu, na aliye upande wa mtu haoni vizuri.

Unakumbuka mkutano wa kijiji kabla ya vuli, afisa ugani wetu, yule binti wa Muleba, alipokuja kutufundisha juu ya mnyauko. Alisema panga lipitishwe motoni kila unapotoka shina moja kwenda jingine. Alisema ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda, lisikatwe kwa chuma. Alisema tuache kuazimana machipukizi. Mimi nikasimama. Huwa nasimama. Nilisema ugonjwa ni njaa ya udongo. Nilisema kibanja cha migomba kilicholishwa samadi na nyasi vizazi vitatu kina jeshi lake chini ya ardhi, na kwamba wanaougua ni wale waliochoma moto rweya zao, yale maeneo ya nyasi, na kuua magugu kwa sumu mpaka udongo ukabaki vumbi lisilo na mwenyewe. Watu walipiga makofi. Yule binti akasema kwa upole, "Mwalimu, udongo wako ni mzuri, lakini ugonjwa huu hauingilii udongoni tu. Unaingia kwa panga." Nami nikamjibu, "Basi mpe panga sindano."

Kicheko kilikuwa kikubwa. Wewe ndiye uliyecheka kuliko wote. Tuliporudi nyumbani ulinisimulia maneno yangu mwenyewe kana kwamba sikuwepo.

Kisha mzee Rwegasira, jirani yetu wa bondeni, akafariki. Vijana walitoka msibani na mapanga yao kuja kutafuta majani ya kupikia na ya kukalia waombolezaji. Walianzia kwa jirani mwingine wa chini, ambaye migomba yake ilikuwa imeanza kunyong'onyea na mwenyewe akisema ni jua. Wakapanda kwetu. "Mwalimu, kwako majani ni mapana," wakasema. Nani huku kwetu anayenyima majani ya msiba? Hata aliyegombana na marehemu hutoa. Wala sisemi ningewanyima. Nasema moto ulikuwa unawaka jikoni, hatua chache tu kutoka waliposimama, na neno moja lilitosha: vijana, pitisheni kwanza mapanga yenu hapo. Lilinijia mdomoni. Nikalimeza, kwa kuwa wangeniuliza, "Mwalimu, na wewe umeanza kuchoma panga?"

Wakakata kila mahali. Wakakata na kando ya kaburi la babu yako, maana pale ndipo majani yalipokuwa mapana kuliko kote.

Sina ushahidi kuwa ni panga lile. Huenda ni nyuki, wanaruka kutoka ua hadi ua bila kuomba ruhusa. Lakini nimeshindana maisha yangu yote na watu wanaojificha nyuma ya neno "huenda", na leo sitajificha humo.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu najua utakachokifanya. Utayafungua machipukizi, uchague moja, ulikate na kulitazama. Ndivyo nilivyokulea. Ulipokuwa mdogo uliuliza kama kweli maharage yanafuga wadudu kwenye mizizi, sikukujibu, nilikupeleka shambani. Tuling'oa mharage uliokuwa unaanza kutoa maua, tukatikisa udongo, nikakuonyesha vile vinundu, nikakikata kimoja kwa ukucha na ndani kilikuwa chekundu kama nyama mbichi. Nikakwambia wekundu huo ni kazi inayoendelea. Na kama ndani ni cheupe au kijivu, mpangaji yumo lakini hafanyi kazi. Ulizunguka shamba zima ukipasua vinundu, mama yako akatufukuza kwa sababu tulikuwa tunamaliza maharage yake.

Basi kata hayo machipukizi. Yatakuwa meupe, safi, yenye maji mazuri. Hutaona kitu. Ugonjwa huu unaweza kukaa ndani ya chipukizi bila dalili yoyote, ukasafiri nalo, ukapandwa nalo, ukamwagiliwa, na siku utakapoinama kuangalia mkungu wa kwanza ndipo utaukuta. Miaka yote nimekwambia usiamini ambacho hujakiona. Leo nakuomba uamini usichokiona, na sina cha kukuonyesha ila lile jani moja lililovunjika.

Nimecheka peke yangu kwa uchungu. Miaka yote hii nimepigana na watu ili waamini vijidudu visivyoonekana. Nimesimama Omurushaka mbele ya duka la pembejeo nikimwambia mwenye duka kwamba ndani ya kiganja cha udongo hai kuna viumbe wengi kuliko wateja atakaowapata maisha yake yote. Akanijibu, "Waite basi waje wanunue." Nimewaeleza watu kuwa mmea haukai tu pale kama mgeni akisubiri kuletewa chakula. Mmea hupika sukari juani na kuiteremsha chini, ikavuja kwenye mizizi, na huko chini wapo wanaoingoja. Kuna kuvu wenye nyuzi nyembamba kuliko unywele, wanaofika mahali ambapo mzizi haufiki na kurudi na fosforasi. Kuna bakteria wa maharage. Nilipotaka wazee wanielewe niliwaambia ni kama kufuga ng'ombe wa mwenzako. Zizi ni lako, nyasi unakata wewe, mwenye ng'ombe anachukua ndama, wewe unabaki na samadi. Hakuna anayemfanyia mwenzake hisani, na bado wote wawili wanaishi. Hilo walilielewa mara moja.

Ila nilikosea hapa. Nilipenda mno sehemu ya urafiki. Nilipogundua kwamba chini ya miguu yetu kuna ubia, nikadhani kuna ubia peke yake. Nikaufanya udongo kanisa, na vijidudu malaika wake. Bakteria anayelisha mharage na bakteria anayeozesha mgomba hawajui kwamba mimi nimempenda mmoja na kumsahau mwingine. Kila mmoja anatafuta mlango. Mmoja hupita kwenye unywele wa mzizi, na mzizi unamkaribisha. Mwingine hupita kwenye kidonda, na kidonda tunakifungua sisi, kwa chuma. Samadi ya vizazi vitatu haiwezi kuziba kidonda nilichokiruhusu kwa sababu ya haya.

Udongo hai unasaidia. Usije ukasoma barua hii na kudhani nimehamia upande wa mwenye duka. Unashika maji, unalisha mgomba, na mgomba ulioshiba husimama mbele ya shida nyingi zinazoulaza wenye njaa. Lakini kusaidia si kukinga na kila kitu, na kati ya maneno hayo mawili ndipo nilipokipoteza kibanja changu.

Mambo ya blanketi, dawa na namna ya kumsalimia mjomba wako mama yako ameyasema na atayarudia kesho mpaka gari liondoke. Mimi nina wasiwasi na kile kipande cha rweya alichokupa mjomba. Nimekikanyaga. Kimelimwa mahindi mpaka kimechoka, kisha kikachomwa moto kila kiangazi ili nyasi zichipue. Nilichimba kwa kidole, sikukuta hata mnyoo. Ulisimama kando yangu ukasema, "Tata, tutakifufua." Nikajivunia ile "tutakifufua". Leo inanitisha, kwa sababu nilikufundisha mimi, na nilikufundisha pamoja na kiburi chake.

Kwa hiyo nakuomba usianze na migomba. Anza na maharage. Nimekutengea ndoo ya mbegu za mama yako, alizozichambua mwenyewe, na hizo hazina uhusiano wowote na mnyauko. Panda, na yakianza kutoa maua ng'oa mawili matatu uyapasue vinundu. Vikiwa vyekundu, shukuru. Vikiwa vichache na vyeupe, usiwaite watu uwahutubie. Huenda udongo hauna fosforasi, na hapo bakteria hafanyi kazi hata umsifu kiasi gani. Basi nunua mbolea kidogo yenye fosforasi uitie. Ndiyo, umesoma sawasawa. Mimi, niliyeapa redioni kwamba mfuko wa dukani hautavuka kizingiti changu, nakuandikia ununue. Ule mwaka tuliokula maharage ya kununua, na jirani zetu wakivuna, si mvua iliyotunyima. Shamba letu la bondeni lilikuwa na njaa nami nikakataa kulilisha kwa sababu nilikuwa nimeshaapa mbele ya watu. Mama yako alilijua hilo. Aliniambia jioni moja akichambua yale maharage ya sokoni, "Mwalimu, hivi kiapo kinachukua muda gani kuiva?" Nilinuna siku nzima. Hakuna swali lililowahi kunishinda kama lile.

Ila usiuzoee mfuko. Ukimwaga mbolea nyingi ya naitrojeni, mharage unaacha kumlisha mpangaji wake. Kwa nini mtu alishe ng'ombe wakati samadi inaletwa mlangoni? Tafuta nyasi utandaze. Usichome. Usipinduepindue udongo kila wiki kama mtu aliyepoteza sindano, kwa sababu zile nyuzi za kuvu zinakatika, na kuziunga tena ni kazi ya msimu mzima. Hayo unayajua. Nayaandika kwa sababu mkono wangu umeyazoea, na kwa sababu nikiyaandika sifikirii kile kilichoko barazani.

Migomba itakuja baadaye. Mjomba wako atakuonyesha mahali ambapo ugonjwa haujafika, au yule binti afisa ugani atakwambia. Utapanda enshakara ya watu wengine, isiyomjua babu yako. Najua hapo ndipo panapouma. Kwetu mtoto akienda kuanzisha kibanja hubeba machipukizi ya kwao. Babu yako aliyabeba kichwani kutoka kwa baba yake, na akaomba azikwe karibu nayo. Uliponiambia utachukua ya pale kaburini, na si mengine, niligeuka ili usinione uso. Sasa ndiyo hayo hayo ninayokuomba uyaache. Nilifikiria kukupa hata udongo wa kibanja ufungwe kwenye jani, kama bibi yako alivyofanya alipoolewa. Nao pia hapana. Bakteria wale hubaki udongoni kwa miezi. Inabidi uondoke nyumbani kwa baba yako mikono mitupu, bila hata vumbi. Na viatu vyako vya shamba uvisugue.

Fikiria kibanja cha mjomba wako. Fikiria yule jirani yake, bibi mwenye asili ya Burundi, aliyetupatia mkungu tulipokwenda kuona kipande chako. Alisema nini? "Mwanangu, ukija tutakuwa tunaazimana jembe." Jembe, na panga pia. Migomba ya yule bibi ndiyo chakula chake, ndiyo ada ya wajukuu zake. Ukifika na mzigo ule hutakuwa umejiletea ugonjwa peke yako.

Nimempigia simu yule binti wa Muleba. Nilizunguka kibanja kwanza, nikijipa sababu za kungoja kesho. Alipokea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimeuona mnyauko."

"Kwa nani?"

"Kwangu."

Nilingoja aseme neno la panga na sindano. Ningelistahili, na katika nafasi yake ningelisema. Akauliza tu, "Mashina mangapi?" Nikamwambia nimeona moja, lakini sikuwa nimethubutu kutazama mengine. Akasema nikate mgomba ule mgonjwa leo, karibu kabisa na ardhi, nisafishe panga, nisiingize mtu wala mbuzi kibanjani, na kesho atakuja tutembee shina kwa shina. Kisha akauliza, "Kuna machipukizi yametoka hapo karibuni?"

Nikasema yapo barazani, hayajaondoka.

"Nani anayachukua?"

"Mwanangu."

"Mwalimu," akasema, "tafadhali."

Hilo tu. Nimesoma vitabu vingi, nimejibizana na wengi, na sijui kama nimewahi kusikia hoja nzito kuliko ile.

Amenitaka pia nizungumze kwenye mkutano wa kijiji Jumamosi. Nitasimama. Watakaocheka nitawaacha wacheke, na najua atakayeanza ni nani. Nitawaambia palipo na msiba mapanga yapite motoni kwanza, na mlango wa kuanzia ni wangu. Wewe hutakuwepo kunipigia makofi, na pengine ndivyo inavyofaa. Makofi yako yalinifanya niseme mengi nisiyoyajua.

Sasa nikwambie jambo la mwisho. Mchana nilikwenda barazani na panga, nikaikata kamba, nikashika chipukizi la kwanza. Nilitaka ukirudi ukute vipande, na barua hii iwe ya kueleza yaliyokwisha. Ningekuwa sahihi, na ungenichukia, nami ningejisifu kwamba nilichukiwa kwa haki. Hivyo ndivyo nilivyoishi. Mama yako alitokea mlangoni, akaniangalia, akasema, "Shamba ni la nani?" Nikasema ni la Asimwe. "Na machipukizi?" Akarudi ndani.

Nimeifunga kamba tena. Fundo langu ni baya, utalitambua.

Yamebaki hapo kama ulivyoyapanga. Sitayakata mimi. Ukiamua kuyapakia kesho, nitasimama mbele ya gari na kumweleza dereva na abiria wote kilichomo, hilo lijue kabisa. Sikusema nimekuwa mtu mwingine. Lakini sitaki ufike Kyerwa ukiwa mtu aliyezuiwa. Ni wewe utakayeshika panga huko wakati hakuna baba wa kusimama mbele ya chochote, na jirani atakapokuja kuomba majani ya msiba nataka neno lile likutoke mdomoni kabla hajafika kwenye mgomba wa kwanza.

Nasikia bodaboda inapanda kutoka barabarani. Shangazi yako ameshindwa kukushikilia, hajawahi kukuweza. Barua naiacha mezani, chini ya kikombe chako.

Ukimaliza kusoma usianze na shikamoo. Pita jikoni. Nimeacha panga la pili juu ya moto, shika mpini kwa kitambaa, uje nalo. Mimi niko kaburini kwa babu yako, naukata ule mgomba mama.

Baba yako